Kinu Kilichohamishwa Uani

Leo sisemi paukwa, nanyi msinijibu pakawa. Anayetaka sungura na fisi aende nyumba ya pili, huko wapo wanaojua kuchekesha. Mimi ninayo hii moja. Nimeibeba miaka mingi, na kila nikiitua mbele ya watu naondoka nayo vilevile. Kaeni mnisikilize vizuri, maana mwisho nitawauliza nyinyi, na sitaki mtu aniambie "Mungu ndiye ajuaye." Hilo nalijua. Nitawauliza nyinyi.

Hapo zamani, si zile za majini na masultani, ni hizi za juzi tu, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Mashavu. Alikaa katika mji mdogo wa Kwamdulu, nyumba ya udongo na bati, mbele baraza, nyuma uani. Mbele palipendeza. Mumewe, Mzee Mfaume, alipaka baraza chokaa kila Idi. Lakini uani, jamani, uani palikuwa balaa. Mvua ikinyesha ni tope mpaka kifundoni. Maji ya vyombo yanatuama, yananuka. Jiko la makuti limeinama upande mmoja, kuku wanaingia na kutoka wanavyotaka. Mahali hapo Bi Mashavu alipika, alifua, alianika mpunga na kulea, miaka thelathini. Na miaka yote hiyo Mzee Mfaume alimwambia neno moja: "Mwaka huu, Mashavu, nakutengenezea uani kwako. Utakaa kama malkia."

Mwaka ukaisha. "Mwaka huu, Mashavu." Mwaka ukaisha tena. Hakuwa mwongo, alikuwa hana kitu tu, na asiye na kitu huanza kutengeneza pale wageni wanapoona.

Basi Mzee Mfaume akafa. Homa ya siku tatu, akafa, na neno lake likabaki vilevile.

Bi Mashavu akaingia eda. Watu wa Kwamdulu waliishika eda kwa nguvu kuliko hata ilivyoandikwa. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki chumbani ila kwenda chooni, na choo cha nyumba ile kilikuwa cha ndani, cha ukumbini. Chumba chake kilikuwa cha mbele, dirisha linatazama njia. Wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa, hawamwoni, na kwa mila ya Kwamdulu hata sauti yake hawaisikii. Akiwa na neno la kuwaambia, anampa mwanamke anayemtumikia, naye analipeleka. Sauti ya mjane ikisikika nje, watu wanasema: huyo hakumpenda mumewe.

Aliyemtumikia alikuwa Bi Sauda, shoga yake wa tangu utoto, mwosha maiti wa mtaa. Aliacha nyumba yake akaja kulala chini, kwenye mkeka, mlangoni mwa chumba cha Mashavu. Alimpikia. Alimchemshia maji. Alimkanda miguu ilipovimba kwa kukaa. Yakumbukeni hayo, maana huko mbele tutamsema vibaya.

Mashavu alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, Kidawa. Umri wake miaka ishirini na minne, hajaolewa, anashona sare katika karakana ya mjini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alipewa ruhusa ya siku saba kumzika baba yake. Siku ya saba, kabla ya kuondoka, akawaita uani ami zake wawili, wadogo zake marehemu. Mmoja Mwinjuma, fundi mwashi, mkali, hodari, neno lake halirudi. Wa pili Chande, msukuma mkokoteni, mpole, anakohoa.

Kidawa akasema, "Ami zangu, mnapaona hapa?"

"Tunapaona," wakasema.

"Baba alimwahidi mama, na ahadi ya baba imebaki kwetu. Mama akitoka eda nataka akute pa kukaa. Pesa sina, nanyi hamna. Lakini mji huu unatupa vitu kila siku. Chukueni vinavyotupwa. Na mama asijue. Nataka aone kwa macho yake siku hiyohiyo."

Mwinjuma akajipiga kifua. "Mwanangu, nenda zako kashone. Utakuta pamekuwa Peponi."

Akaondoka. Kazi ikaanza.

Nyumba ya tajiri mmoja ilikuwa inabomolewa upande wa sokoni. Kifusi kilitupwa, Chande akakileta. Vigae vya sakafu vilivyovunjika vilitupwa, Chande akavileta. Chupa tupu za nyuma ya mikahawa zilitupwa, Chande akazileta. Matairi yaliyokwisha, masufuria yaliyotoboka, mlango mbovu wenye nakshi upande mmoja, kopo la chokaa lenye masalio chini. Vilitupwa, akavileta. Mizigo arobaini na kitu alivuta yule mtu, mlima wa Kwamdulu mnaujua wenyewe, na kifua chake kibovu. Mwinjuma naye aliacha kazi za watu akapanga. Chupa akazipindua, akazichimbia shingo chini, zikawa ukingo wa kijani wa kupitishia maji. Matairi akayapaka chokaa. Mlango akaulaza juu ya mawe ukawa benchi. Masufuria yakapandwa mchaichai. Akaanza kupanga vigae vile vipande vipande, cha buluu hapa, cheupe pale, sakafu ikaanza kutokea juu ya tope kama nguo inayofumwa.

Majirani wakawa wanakuja kutazama. Wanafunika midomo wasicheke kwa sauti, mjane asisikie. Mtaa mzima ulikuwa na siri moja, na siri ile ilikuwa tamu.

Sasa niwaambie wasilolijua hao wenye siri.

Katikati ya uani palikuwa na kinu. Kinu kikubwa cha mti, kimepasuka, kimepinduliwa mdomo chini. Kuku wanapanda juu yake, Kidawa alikua akikikalia. Kila mtu alidhani ni kinu kibovu tu kilichoachwa. Hakikuwa kinu kilichoachwa. Kidawa alipokuwa angali ananyonya, na wale ami zake wangali shamba kwao, Mzee Mfaume alifunga choo cha zamani akajenga kile cha ndani. Kifusi cha kujaza shimo hakuwa nacho. Akalaza boriti juu ya mdomo wa shimo, akamwaga udongo, akashindilia, na juu yake akakiweka kile kinu ili asije mtu akasimama pale. Akamwambia mkewe: "Mashavu, kinu hiki kisiondoke hapa." Wakajua wao wawili. Mmoja amekufa. Mwingine yuko eda.

Na boriti zile zimekaa ardhini miaka ishirini na tatu.

Basi siku moja Mwinjuma, sakafu yake imefika kwenye kinu, akakitazama. Akasema, "Hiki nacho, tukikisimamisha karibu na jiko tukakijaza udongo, kitakuwa chungu cha maua ambacho hata gavana hana." Akakivuta. Kinu kizito, kikalia juu ya vigae, kruu, kruu, mpaka ukutani.

Huko chumbani Bi Mashavu alikuwa na tasbihi mkononi. Akasikia ile kruu. Tasbihi ikasimama.

"Shoga," akamwita Sauda, "huko uani kuna nini?"

Sauda akasema, "Watoto wanacheza."

"Watoto gani wanavuta kinu? Sauti ile naijua. Nenda ukawaambie, yeyote aliyeko, kinu kile kisiondolewe. Chini yake kuna shimo. Shimo la choo cha zamani. Waambie hivyohivyo."

Sauda akatoka. Akamkuta Chande na vijana wawili wa kupakia kifusi, wamekaa kitako, ugali na dagaa umewekwa katikati, ndio kwanza wamenawa. Mwinjuma ameshakwenda kutafuta mchanga. Sauda akasimama. Ni mwanamke wa adabu, amefundwa akafundika. Awatajie watu habari ya shimo la choo tonge ziko mkononi? Akasema, "Chande, mjane anasema kinu kirudi mahali pake."

Chande akasema, "Kumbe amesikia! Haya, nitamwambia kaka."

Sauda akasema moyoni, wakimaliza kula nitarudi nimpe na lile la pili. Akaingia jikoni. Uji ulikuwa unafurika. Aliporudi, wamekwisha ondoka. Akarudi chumbani.

"Umewaambia?" Mashavu akauliza.

"Nimewaambia."

Neno hilo, jamani. Nimewaambia. Lilikuwa kweli kwa nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa ndiyo yenyewe.

Sikilizeni sasa upande wa Chande. Akatembea na mkokoteni wake akifikiri: mjane analilia kinu kwa kuwa ni kitu cha mumewe, na nani asiyelilia vitu vya mumewe? Akikiona kimepandwa maua atafurahi. Na kaka Mwinjuma ukimwambia acha sakafu urudishe kinu, atawaka mchana kutwa. Akanyamaza. Kesho yake pale palipokuwa na kinu pamewekwa vigae, tena vya buluu vitupu, vile vizuri ambavyo Mwinjuma alikuwa ameviweka akiba kwa ajili ya katikati.

Na Mashavu? Alikaa anasikiliza. Kinu kikirudishwa kitalia kruu kama kilivyolia mara ya kwanza. Alisikiliza jioni ile. Alisikiliza kesho yake. Hakusikia. Akamwuliza Sauda, Sauda akamwambia, "Shoga, si nimekwambia nimewaambia?" Siku ya tatu aliinuka, akafika mpaka mlango wa ukumbi wa kutokea uani. Alisikia sauti ya Mwinjuma upande wa pili, anapiga mluzi na kazi yake. Kofi moja tu mlangoni lingetosha. "Shemeji" moja tu ingetosha. Akawaza: mume wangu ana miezi mitatu na nusu kaburini, na mimi nimpigie kelele mdogo wake? Watu watasema nini? Akarudi kukaa.

Ikaja mvua ya vuli, siku mbili usiku na mchana. Ilipoanuka, Mwinjuma amesharudi kwenye kazi za watu, Chande akaja kutazama uani, akaona maji yamepita vizuri kwenye ule ukingo wa chupa. Akafurahi. Kisha akaona pale katikati, kwenye vigae vya buluu, pamebonyea kidogo kiasi cha ungo. Akavibandua vigae, akajaza kifusi, akavirudisha. Siku ya pili pamebonyea tena. Akajaza tena. Siku ya tatu akamwaga kifusi karai zima, na karai zima likaenda. Chande akasimama pale na karai tupu mkononi. Nakwambieni, alijua. Hakujua ni nini, lakini alijua kuna jambo. Zilikuwa zimebaki siku mbili Mashavu atoke eda. Akalaza kifusi kingine, mawe makubwa safari hii, akashindilia kwa miguu yake mwenyewe, akarukaruka juu yake, pakashika. Akapanga vigae. Hakumwambia mtu.

Kidawa akafika jioni ya mwisho. Aliingia uani, akasimama, akaweka kikapu chini, akalia. Kisha akacheka. Akawakumbatia ami zake wote wawili, mikono yao ina chokaa. "Ami," akasema, "baba angeona hii!" Mwinjuma, yule mtu mkali, akageuka upande akajifanya anatafuta mwiko wake.

Asubuhi yake wanawake wakamwogesha Bi Mashavu, wakamvalisha kanga mpya, wakamfukiza udi, wakamrudishia vipuli vyake masikioni. Amekonda. Miguu imesahau kutembea. Kidawa akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Mama, fumba macho. Usifumbue mpaka nikuambie." Mashavu akafumba. Kidawa akatangulia kinyumenyume, anamvuta mama yake taratibu, hatua moja, hatua nyingine, kama mtoto anayefundishwa kusimama. Wanawake kwenye ukuta wanasubiri wapige vigelegele. Mwinjuma na Chande wamesimama karibu na jiko.

Mama akasikia kigae baridi chini ya nyayo badala ya tope. Akatabasamu, macho yamefumba.

Kidawa akamwachia mikono. Akarudi nyuma hatua tatu nne mpaka katikati ya vile vigae vya buluu, akanyoosha mikono yake pande zote mbili kama anayekuonyesha mali yote ya dunia.

"Fumbua, mama."

Mashavu akafumbua. Akaona ukingo wa chupa. Akaona benchi la nakshi. Akaona mchaichai. Akakiona kinu ukutani kimesimama wima, kimejaa maua mekundu. Macho yake yakaondoka kwenye kinu, yakaenda yenyewe kutafuta mahali kilipokuwa, na mahali pale akaiona miguu ya mwanawe.

Akafungua kinywa.

Ardhi ikaondoka kabla sauti haijatoka. Kidawa akaenda, vigae vya buluu vikaenda, na nyuma yake yakaenda yale mawe makubwa ya Chande.

Shimo lilikuwa kimo cha watu watatu. Chande ndiye aliyejifunga kamba, kifua chake kibovu kile, akateremka ndani ya hewa ile mbaya. Mwinjuma ndiye aliyeishika kamba mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Walimpandisha. Sauda akavua kanga yake akamfunika. Alikuwa amekwisha kufa, jiwe lilimpiga kisogoni. Sitaongeza neno hapo, naona inatosha.

Wakamlaza katika chumba kilekile cha mbele, kwenye kitanda ambacho mama yake alikalia eda ya baba yake. Na Kwamdulu mtu akifa asubuhi, anazikwa alasiri.

Sasa hapa ndipo ninapowataka nyinyi.

Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na mwosha wa mtaa ni Sauda. Maiti ya mwanamke hupokewa kaburini na maharimu zake, na Kidawa hakuwa na baba, hakuwa na kaka, hakuwa na mume wala mjomba. Alikuwa na ami wawili tu. Sauda akaja na ndoo ya maji na pamba. Mwinjuma na Chande wakaja kusema wako tayari. Wakamkuta Bi Mashavu amesimama mlangoni mwa chumba, mkono mmoja kwenye komeo.

Miezi minne na siku kumi shemeji zake hawakuisikia sauti yake. Neno la kwanza walilolisikia lilikuwa hili:

"Nguvu ya kuwalaani watu wote sina. Lakini aliyemuua mwanangu hatamgusa. Mmoja wenu atabaki nje ya mlango huu, na kaburini hatafika. Semeni wenyewe ni nani."

Wakatazamana. Pale shimoni kila mmoja alikuwa ameshasema alilolijua. Mwinjuma akaanza, maana ndiye mkubwa.

"Shemeji, mimi nilikivuta kinu, sikatai. Na mwashi yeyote anajua ua wa zamani hupigwa mtaimbo kwanza, usikie chini kuna nini. Sikupiga. Sikupiga kwa sababu niliambiwa usisikie kishindo, ile ilikuwa siri ya Kidawa. Lakini mimi sikuambiwa kitu na mtu. Hakuna aliyenifikishia neno. Chande aliambiwa akanificha. Chande aliona ardhi inakula kifusi akanificha. Ningejua, ningeivunja sakafu ile kwa mikono yangu. Nifungieni mlango kwa ujinga, lakini mwenye kujua yupo hapa."

Hilo la Mwinjuma. Lishikeni.

Chande akakohoa, akasema polepole. "Nilinyamaza. Nilimwogopa kaka, na nilitaka siku ile iwe nzuri. Ardhi ilipobonyea nilijaza, nikadhani ni mvua tu. Lakini shemeji, mimi niliambiwa kinu kirudi mahali pake. Basi. Nani huyo angesikia kinu akafahamu shimo? Lau Bi Sauda angesema shimo, moja tu, shimo, ningelala pale juu yake mpaka lizibwe. Na kati yetu sote, aliyeingia mle ndani kumfuata ni mimi. Mikono hii ilimtoa. Leo mseme haifai kumweka?"

Hilo la Chande. Lishikeni nalo.

Sauda hakuwa na machozi tena. "Mimi nilipewa neno zima nikapeleka nusu. Niliona haya kutaja choo watu wanakula. Nikasema nitarudi, sikuwakuta. Kesho yake nikaona vigae vimewekwa, nikajiambia fundi hawezi kuweka vigae juu ya shimo, bila shaka ameziba. Nikaogopa kuuliza, nisije nikaonekana sikufikisha. Hilo ndilo langu. Lakini mimi sikuvuta kinu. Mimi sikuweka mawe juu ya shimo, na jiwe ndilo lililomuua. Kidawa nilimpokea mimi alipozaliwa, nilimwosha mimi siku ile. Mkinizuia, ataoshwa na mtu ambaye hakumjua."

Hilo la Sauda. Na hakunyamaza hapo. Alimtazama shoga yake, akasema lile ambalo hakuna mwingine angethubutu.

"Na wewe, Mashavu? Wewe ndiye uliyejua. Siku tatu ulisikiliza kinu hakirudi. Nilikuona umekwenda mpaka mlango wa uani. Nilikuona unarudi kukaa. Kulikuwa na mbao moja tu kati yako na Mwinjuma. Ungesema watu wakakucheka, na Kidawa angekuwa hai."

Watu ukumbini wakaguna. Mwinjuma akasema, "Bi Sauda, basi." Lakini Mashavu hakukasirika. Komeo lilikuwa limo mkononi bado.

"Ni kweli," akasema. "Niliogopa kuambiwa sikumpenda mume wangu. Nilijua chini ya kinu kuna nini, nikakaa. Kama ni mimi, basi nisimwone uso tena. Nisimbusu. Nikae huko uani mpaka jeneza litoke."

Nje, barazani, sheikh akatuma mtu mara ya pili: alasiri inakaribia, kaburi limekwisha chimbwa, maiti asicheleweshwe. Nanyi mnaona jinsi lilivyo. Akifungiwa nje Mwinjuma au Chande, mmoja hatoshi kumpokea maiti, atashuka kaburini mwanamume baki, amshike mtoto wa watu kwenye mwanandani. Akifungiwa Sauda, ataoshwa na mkono mgeni. Akifungiwa mama, mtoto atakwenda bila kuagwa na aliyemzaa. Na asipofungiwa yeyote, basi Kidawa ameuawa na hakuna aliyemuua, na hilo Mashavu amesema hatalikubali mpaka anakufa.

Wengine wananiambia ni Chande, kwa kuwa karai lile tupu lilimwambia. Nikifikiri viganja vyake na kamba, nashindwa. Wengine wananiambia ni Sauda, kwa ile nusu. Nikifikiri mkeka wake mlangoni, nashindwa. Mwinjuma nilimlaumu mwaka mzima, mpaka nikakumbuka kuwa hakuna aliyemwambia. Mama yake siwezi hata kumtaja sawasawa, na siku nyingine naamka nikiona ndiye. Msiniulize kwa nini jambo hili linanikera hivi. Nami nilikuwa kwenye ukuta siku ile, na wanawake wenzangu, nimejaza pumzi ya kigelegele.

Haya. Maji yanapoa kwenye ndoo, sheikh anaita, na yule mama amesimama na komeo lake anawatazama wote watatu na kujitazama mwenyewe. Kati ya hawa wanne, je, nani alistahili kubaki nje ya mlango ule?